Jani Jeupe la Katikati

Baridi ya Ibra, huku Oman, haikai mchana. Asubuhi inakuja, watoto wanavaa majaketi mpaka puani, na ikifika saa nne majaketi yameshatupwa kwenye kochi, jua linawaka kama desturi yake. Lakini kwa skuli za watoto wadogo ule ni msimu wa baridi, na msimu wa baridi una kazi zake za mikono. Msimu uliopita kazi zile ziliniangukia mie, kwa sababu mama yao anasomesha na hurudi amechoka, baba yao yuko kazini Sur mpaka Alkhamisi jioni, na bibi yao anasema vidole vyake sasa vinatosha kushika kikombe tu.

Huu ni mwaka wangu wa nne kwenye nyumba hii. Nimetoka Pemba. Nafanya kazi za ndani, naangalia watoto wawili, msichana wa miaka sita na mdogo wake wa kiume wa miaka minne, na namsaidia bibi, ambaye ndiye mzaa baba yao. Naandika kwenye daftari la yule msichana, zile kurasa za nyuma zilizobaki. Mie nimesoma mpaka darasa la saba, kwa hiyo nikipanga vibaya ni kwa kutojua. Nimejaribu kumwekea kila mtu haki yake. Sina hakika kama nimeweza.

Jambo moja nilitangulize, maana bila ya hilo mengine hayaeleweki. Nilikuwa nimeahidiwa likizo mwezi wa Januari. Mwanangu wa kike, niliyemwacha kwa mama yangu akiwa na miaka mitatu, alikuwa anaanza darasa la kwanza, na nilishamwambia kwenye simu kwamba siku ya mwanzo nitampeleka mie mwenyewe, nimshike mkono mpaka mlangoni. Baba na mama wa watoto walikubali kwa sababu bibi alikubali. Bibi alikubali kwa sababu alipatikana mtu wa kukaa naye, dada mmoja wa Kitanzania anayefanya kazi Izki kwa jamaa zao, angekuja mwezi mzima kushika nafasi yangu. Kwa hiyo likizo yangu ilikuwa mdomoni mwa bibi. Nilikuwa nikilijua hilo kila nikimpelekea kahawa.

Mwanangu huniita mama wa simu. Mama ni bibi yake. Hakunitukana, ndivyo alivyotupanga ili asituchanganye. Nilipolisikia neno hilo mara ya kwanza nilikwenda kukosha vyombo, na nilipomaliza nikaona sikulia wala sikuumwa popote. Tangu hapo niko vivyo hivyo. Nafanya kazi, nacheka panapochekwa, nalala. Ndani kama mguu uliokufa ganzi: unaukanyagia, unakubeba, lakini huusikii. Nilifikiri nikimshika mwanangu mkono mpaka mlango wa skuli labda damu itarudi. Na nilikuwa naogopa pia kwamba nitamshika na isirudi.

Basi, ujumbe wa mwanzo wa mwalimu ulikuja kwenye simu ya mama yao pamoja na picha. Mtu wa theluji, wa pamba, pua ya karoti. Kila mtoto atengeneze wake nyumbani.

Tulitumia vile vigogo vya karatasi za chooni, gundi, na pamba ya duka la dawa. Nilijifunza kwamba gundi ukiipaka nyingi pamba huinywa ikawa kama uji. Unatakiwa upake kidogo, usubiri mpaka inanata kidoleni, ndipo ubandike. Mdogo alijibandika nyusi. Ardhi ya theluji tulifanya kwa kunyunyiza chumvi juu ya karatasi nyeusi iliyopakwa gundi, na kila nikigeuka nikimkuta Mdogo anailamba ile ardhi.

"Dada, kwenu theluji ipo?" msichana akaniuliza.

"Haipo."

"Hapa ipo. Kwenye jabali. Baba aliiona kwenye simu."

"Basi nyinyi mna bahati."

"Kwenu kuna nini?"

"Mvua."

Akafikiri. "Mvua tu?"

"Nyingi lakini."

Bibi akaingia na bakora yake. Amezaliwa mjini Unguja, akaja huku mwanamke kijana, na Kiswahili chake ni kile cha wakati ule, hakuna aliyekigusa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akamnyanyua mtu wa theluji akamgeuza mbele na nyuma.

"Huyu mbona mmemvisha sanda?"

"Ni mtu wa baridi, Bibi. Wa skuli."

"Na karoti puani. Maiti zetu hazifanywi hivi."

Msichana alicheka mpaka akalala chini. Mama yao alikuwa mezani anasahihisha madaftari, akasema bila ya kunyanyua kichwa, "Mama, tafadhali, wataota usiku."

"Nawaote. Sie tumeota mashetani wa Ng'ambo yote na tumekua."

Nilicheka na mie. Nakumbuka nilicheka kwa wakati uleule waliocheka wao, si kabla wala si baada.

Ujumbe wa pili ulikuja wiki iliyofuata. Safari hii mwalimu alitaka kitu cha zamani, kazi ya mikono waliyokuwa wakiifanya wazee msimu wa baridi wakiota jua, na akasisitiza kisinunuliwe, kitengenezwe na mtoto. Mama yao alisema ah, tutapita soko la wanawake Jumatano tuchukue kikapu, nani atajua. Msichana akasema, "Mie nitajua." Akaanza kulia. Ndipo bibi akanionyesha kwa bakora.

"Mpe huyu Mpemba. Wapemba wanazaliwa na ukili mkononi. Sie wa mjini tulikuwa tukinunua tu."

Ilikuwa kweli. Mama yangu ni msusi wa mikeka, na mie kabla sijajua kusoma nilijua kusuka. Nilisema nitawafundisha kusuka ukili wa chane nne, ule utepe mwembamba wa majani, kisha tuuzungushe na kuushona uwe kikeka kidogo cha kuwekea kikombe cha kahawa. Bibi akasema hayo ndiyo maneno. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kulikuwa na jambo kwenye nyumba ile ninalolijua mie kuliko wote. Sitaki kusema nilifurahi. Nilisimama wima zaidi, basi.

Yalitakiwa majani. Familia ina shamba dogo la mitende nyuma ya nyumba, linapata maji ya falaji, mfereji wa mji, kwa zamu, na mwenye kulitunza ni mzee mmoja wa Kibangladeshi aliyekaa nao tangu kabla watoto hawajazaliwa. Siku ile, Jumapili, mzee alikuwa Bidiya, wana mitende mingine huko. Ningeweza kumngoja. Ningeweza kumuuliza bibi. Sikuuliza kwa sababu nilidhani najua, na hapa ndipo kosa langu lilipo, hakuna mwengine wa kulibeba.

Kwanza nilijaribu majani ya kijani yaliyokatwa na kutupwa chini ya miti. Magumu, ncha zake zinachoma, yalimchana Mdogo kidole. Hayafai kwa watoto. Kwetu majani ya kusukia hutoka kwenye mkindu. Unachukua jani la katikati kabisa, lililojifunga kama mwavuli, bado jeupe, laini kama karatasi. Unalikata, unalianika, unalichana. Mkindu haujali. Unaota kwa makundi, ukiukata mmoja moyo ndugu zake wanaendelea, na mwakani unakuta wote wamepona. Ndivyo mama yangu alivyonifundisha. Na mtende kwa macho yangu ni mkindu uliolishwa vizuri.

Karibu na mfereji palikuwa na mtende mdogo, umenifika kiunoni, umezungushiwa mawe meupe. Jani lake la katikati lilikuwa jeupe, limenyooka, limejifunga, zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona Pemba. Nilikuwa na kisu cha vitunguu. Nililikata chini kabisa, nilipoweza kufika, ili nipate urefu. Msichana alilipokea kwa mikono miwili.

Nilishawahi kuviona vile vijiwe. Kila Ijumaa nilikuwa nikimwekea bibi kiti pale pale. Nilidhani anafuata jua.

Jumatatu tulianika uani mpaka jioni. Nikachana kwa ukucha, kwa watoto nikaacha chane pana, upana wa kidole chao cha mwisho. Nusu nilizichemsha na manjano ya jikoni, nyengine kwenye maji ya karkade, yale maua mekundu ya kunywa, zikatoka nyekundu iliyofifia. Nilitandaza zile chane juu ya kamba, juu ya viti, juu ya gari la mama yao. Bibi akatoka akasimama mlangoni.

"Haya, Mpemba kapata gogo. Mwisho wake simalizii, watoto wapo."

"Humalizii nini?" msichana akauliza.

"Muulize Dada."

"Dada, nini?"

"Shika hii chane."

Majani yakishakauka lazima uyarudishie unyevu, uyafunge kwenye kitambaa kibichi, la sivyo yanakatika. Chane nne. Moja inapita juu, moja chini, ukifika ukingoni unakunja, unarudi. Msichana alikuwa akisema kwa sauti, juu, chini, juu, kunja, na kila alipokunja alisahau aanzie wapi, akanitazama usoni badala ya kutazama mikono yangu. Nilimwambia usinitazame uso, uso haujui kitu. Siku ya pili alishika. Ukili wake ulikwenda upande kama njia ya kaa, lakini ulikuwa ukili. Mdogo hakuweza chane nne. Nikampa mbili, azisokote, akasema ni nyoka, akamlaza nyoka wake kwenye sahani na kumpa wali.

Mkono wangu ulikuwa unakwenda wenyewe. Nilikuwa nikimwongoza mtoto wa watu vidole na nikijua kwamba saa ileile, Pemba, kuna mtu labda anavishika vidole vya mwanangu hivihivi. Nilingoja niumie. Nilichosikia ni harufu ya manjano.

Jumatano usiku nilishona ukingo kwa ukingo kwa sindano butu na uzi mwekundu wa sufu, msichana akavuta uzi, nikamwachia mishono yake mibaya ili iwe kazi yake. Alkhamisi kikeka kikaenda skuli. Mama yao alileta picha: kikeka kimewekwa mezani na kikombe juu yake, na mtoto kasimama pembeni, mdomo wazi kuonyesha meno yaliyong'oka. Mwalimu aliandika maneno mazuri. Mama yao alinisomea yote, hakuruka hata moja, na akasema, "Hii ni yako, Dada." Hilo nalitaja kwa sababu angeweza kunyamaza.

Ijumaa asubuhi nilimchukulia bibi kiti mpaka shambani kama kawaida. Naandika nilivyofanya, si nilivyotamani ningelifanya. Niliweka kiti. Bibi akakaa, akalaza bakora, akanyoosha mkono kuupapasa ule mtende mdogo, kama unavyompapasa mtoto kichwa, na mkono ukapita hewani pale palipokuwa na jani.

Akatazama.

"Nani kamkata moyo huyu?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nikajua palepale.

"Marehemu mume wangu ndiye aliyenipa," akasema, na alikuwa hasemi na mie hasa. "Aliubandua kwa mtende wa mama yake. Akafa kabla hatujaupanda, nikaupanda mwenyewe. Miaka miwili ulikaa haufi wala hauoti." Akagusa pale palipokatwa. "Mtende mdogo hauna ndugu. Una moyo mmoja. Hata mtoto wa hapa anajua hukati hapo."

Mie si mtoto wa hapa. Ningelisema hivyo. Sikusema.

"Ni yule mzee," bibi akasema. "Macho yamemwisha, anakata asichokiona. Leo namwambia mwanangu amtafutie mwengine."

Na kweli, baada ya sala ya Ijumaa, baba yao akiwa anakula, alimwambia. Baba yao alisema, "Mama, kakaa na sisi miaka yote hii." Bibi akasema, "Basi imetosha." Mie nilikuwa naleta achari.

Nilinyamaza Ijumaa ile na Jumamosi yote. Sikunyamaza kwa kumchukia yule mzee, hajawahi kunikosea. Nilinyamaza kwa sababu ya mlango wa skuli ya mwanangu. Nilijiambia, zimebaki wiki nne, nikishaondoka nitamtumia bibi maneno kwa sauti. Naliandika hili ili lionekane lilivyo. Hesabu ile niliifanya nikiwa na akili zangu.

Jumamosi mzee alirudi kutoka Bidiya, alikokuwa amekwenda tena katikati ya wiki. Bibi alimpeleka mbele ya mtende akamsema kwa Kiarabu, na yeye akaitikia ndiyo, mama, ndiyo, mama, kama anavyoitikia akiambiwa maji yamechelewa. Kisha akainama akalitazama lile jeraha. Mundu wake hukata kwa kuvuta, hukiacha kikonyo kimechongoka. Kisu changu kilikuwa kimekwenda moja kwa moja. Alinyanyua kichwa akaitazama mikono yangu, nilikuwa nimeshika trei. Vidole vilikuwa bado na njano ya manjano. Hakusema kitu. Sijui kwa nini, na sitaki kumtungia sababu.

Jumapili watoto walipokwisha kwenda skuli nilimpelekea bibi kahawa uani, kwenye jua. Nikaiweka. Sikuondoka.

"Nini?"

"Bibi, ule mtende nimeukata mie."

"Mtende gani?"

"Ule wa kwenye mawe. Nilitaka majani ya kikeka."

Bibi akakiweka kikombe chini. "Kwa kisu gani?"

"Cha vitunguu."

"Ulifikiri nini?"

"Nilifikiri ni kama mkindu. Kwetu tunakata pale."

"Na siku mbili hizi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa."

"Ulikuwa hapa. Mdomo ndio ulikuwa Pemba."

Nikasema ndiyo. Nilitegemea moyo utanienda mbio, au machozi. Nilikuwa nikiona tu kwamba kikombe kimewekwa mahali pabaya, kitamwagika akisogeza mguu.

"Kamwite mzee," akasema.

Nilimwita. Bibi akanifanya niseme tena, mbele yake, kwa Kiarabu changu kibovu. Nikasema. Kisha bibi mwenyewe, mwanamke wa umri ule, akamwambia yule mzee nimekudhulumu, nisamehe, na akammiminia kahawa kwa mkono wake, na palepale akampigia mwanawe Sur akamwambia lile jambo la kutafuta mwengine liishe. Wengi wangelimwachia mtu aendelee kubeba. Bibi hakumwachia hata saa moja. Mie nilimwachia siku mbili.

Mzee alikunywa vikombe vitatu, akatikisa cha mwisho kwa adabu kuonyesha imetosha, akaniashiria nimfuate. Kwenye mtende alinionyesha kwa vidole. Niliukata juu ya moyo au niliukata moyo wenyewe, hajui. Akaniomba uzi. Nilikuwa na ule mwekundu wa sufu mfukoni. Akaufunga kwenye kile kisiki cha jani jeupe, kisha akachora alama kwa kisu kwenye kuti la jirani, sawasawa na uzi. Uzi ukipanda ukaipita alama, uko hai. Usipopanda, basi. Akakunja mabega kwa baridi: msimu huu hauoti upesi, ngoja.

Jumanne mama yao akanikuta jikoni.

"Dada, nimezungumza na Mama. Anasema hawezi kukaa na mgeni sasa hivi. Yule wa Izki asije."

"Sawa."

"Anasema, huyu niliyemzoea kanifanyia hivi, nisiyemjua je. Nimemwomba, wallahi nimemwomba. Utakwenda baada ya Idi. Nitakukatia tiketi mie mwenyewe."

"Sawa."

Akasimama. "Umekasirika?"

"Sijakasirika."

"Ningelikuwa mie ningelikasirika," akasema, akachukua funguo zake za gari, akaziweka tena mezani, akazichukua.

Nimeligeuza jambo hilo mara nyingi. Iwapo ni adhabu, nimeistahiki, na si kubwa kuliko aliyokaribia kupewa mzee wa watu kwa kosa langu. Iwapo si adhabu, ni hofu ya kizee ya kuachwa na mtu asiyemjua, nayo pia ni haki yake, anahitaji kushikwa akiingia bafuni. Usiku mmoja nilikuwa nampaka mafuta miguuni. Akasema juu ya kichwa changu:

"Unadhani nakulipizia."

"Sidhani, Bibi."

"Unadhani. Mie mwenyewe sijui."

Nikaendelea na mguu wa pili.

Kumwambia mwanangu kulichukua siku tano. Nilipiga mchana, akiwa kibarazani, nikasema mama wa simu hatoweza kuja siku ile ya skuli, atakuja baada ya Idi.

"Basi bibi atanipeleka," akasema.

"Ndiyo."

"Alishasema atanipeleka. Alisema wewe labda huji."

Nikamwambia nataka nimwonyeshe kitu. Nilikuwa na chane zilizobaki, nikaegemeza simu kwenye kopo la chumvi, nikaanza kusuka mbele yake. Chane nne. Juu, chini, juu, kunja.

Akaangalia kidogo. Kisha akapotea kwenye kioo, akarudi na ukili wake, mrefu, umezungushwa kama mkanda, chane saba, umenyooka. Akausogeza karibu na simu mpaka nikawa sioni kitu ila msuko.

"Bibi kanifundisha. Wewe unabana sana mwanzoni," akasema. "Legeza, halafu ndiyo ukaze."

Nikalegeza. Alikuwa sawa. Mama yangu alikuwa akiniambia maneno hayohayo, na nilikuwa nimeshasahau.

"Umeona?"

"Nimeona."

Nilikwenda kwenye mtende kila asubuhi kabla watoto hawajaamka. Uzi na alama, sawa kwa sawa. Wiki mbili. Mzee akinikuta pale ananiashiria kwa kiganja, ngoja. Siku moja niliona uzi umepanda, upana wa punje ya mchele. Nikainama nikatazama kwa jicho moja, nikatazama kwa jengine, maana nilijua napenda uwe umepanda na macho ya mwenye kupenda hayaaminiki. Nikamwita mzee. Akatazama, akasema neno moja, zen, yaani vizuri. Nikaenda kumwambia bibi. Bibi alisema alhamdulillahi, akaomba jaketi lake, akaenda na bakora kuangalia mwenyewe, hakukubali kushikwa. Mzee alinieleza kwamba jani hilo likifunguka litakuwa limekatika ncha, bapa, kama limenyolewa. Litakaa hivyo miaka. Majani yatakayofuata yatakuwa mazima.

La likizo bibi hakulitaja, wala mie sikulitaja. Nilidhani labda atalitaja. Sikuwa na haki ya kudhani.

Siku ya skuli ya mwanangu, mama yangu alipiga kwao ikiwa saa kumi na mbili na robo, huku Ibra saa moja na robo, wakati mbaya kuliko nyakati zote za nyumba hii. Msichana alikuwa anatafuta kibana cha nywele. Mdogo alikuwa na kiatu kimoja. Mwanangu alisimama mbele ya simu kavaa sare na mtandio mweupe, mkubwa kwake, umebanwa chini ya kidevu. Mkobani aliweka ule ukili, akautoa anionyeshe, akaurudisha.

"Nenda na Mungu, mwanangu," nikasema.

"Haya."

"Shika mkono wa bibi barabarani."

"Haya, mama wa simu."

Akaiweka simu kitini bila ya kuikata. Nikaona paa, makuti na boriti, boriti ileile niliyolala chini yake mpaka naolewa. Nikasikia mama yangu akifunga mlango, akisema umechukua maji, na sauti ndogo ikisema nimechukua. Nikasikia ndara zao uani. Kisha jogoo, kisha mtu wa mbali akiwasalimia na wao wakiitikia. Nilibakia na simu sikioni. Nilingoja ule mguu uliokufa ganzi uchome, kama unavyochoma ukitaka kuamka. Sijui kama ulichoma. Kuna kitu kilipita, hafifu, na sikuwa na wakati wa kukishika nikakijua.

"Dada," Mdogo akasema, amesimama kwa mguu mmoja. "Kiatu."

"Kipo wapi?"

"Nyoka kalalia."

Simu ilikuwa bado inaonyesha lile paa. Niliiweka mezani, uso juu, nikapiga magoti nikaanza kutafuta chini ya kochi. Kiatu kilikuwa huko kweli, na yule nyoka wake wa chane mbili kalala ndani, amekauka, anaanza kufumuka upande wa kichwa.